Bibi Alivyonichagulia Kigeuza Sauti

Usiku ule bibi yangu aliponijia ndotoni nilikuwa nimelala Mwanza, na kufika Mwanza kutoka kwetu Matema ni kuivuka nchi karibu yote. Wengine huivuka kwa siku mbili. Mimi nilitumia miaka ishirini na miwili. Nilitoka kijijini na cheti cha kidato cha nne, nikaenda Mbeya kupaka nyumba rangi kwa wiki tatu, nikakaa miaka mitatu. Iringa nikapaka shule. Dodoma nikapaka hoteli. Tabora nilimfuata mwanamke, Kahama nikamkimbia, Shinyanga nikapaka msikiti na kanisa katika mtaa mmoja, na wote wakanilisha vizuri. Kila mji nilisema nikimaliza ukuta huu narudi nyumbani. Kuta haziishi.

Bibi alikuwa mfinyanzi. Alifariki nikiwa Tabora, na habari ikanifikia ameshazikwa. Kilichobaki kwangu ni kaseti moja niliyomrekodi mwenyewe nikiwa mwanafunzi, akiimba huku anakagua vyungu vyake kabla ya gulio. Kaseti ilipoanza kukwaruza, fundi mmoja akanihamishia ile sauti kwenye simu. Nikanunua amplifaya ya mtumba na spika mbili, nikaunganisha, nikaketi kitandani kumsikiliza bibi yangu. Iliyotoka ilikuwa sauti ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Nikarudia siku ya pili, na ya tatu. Ndipo nikagundua jambo lililonitia hofu: nilikuwa nimeanza kuizoea sauti ya debe na kuisahau ya bibi.

Kwa hiyo jioni iliyotangulia ndoto nilikuwa dukani kwa Shija, muuza vifaa vya muziki.

"Kaka, spika zako hazina kosa," aliniambia. "Kwenye simu hakuna sauti, kuna namba tu. Simu yako inazigeuza namba kuwa sauti, lakini inalipua kazi. Nunua kijisanduku cha kugeuza, simu ipumzike."

Akanipangia vitatu mezani. Kimoja kikubwa, cheusi, chenye taa ya bluu. Kimoja cha rangi ya fedha. Cha mwisho cha plastiki ya kijivu, kadiri ya kiberiti, kina waya mfupi kama mkia wa panya. Akapiga wimbo mmoja wa ngoma nzito kwenye vyote, na kila alipofika kwenye cha bei kubwa zaidi mkono wake ulipandisha sauti kidogo.

"Umesikia tofauti?"

"Nimesikia."

"Ni cha kusikilizia nyumbani, siyo?"

"Chumbani," nikasema. "Mimi mpangaji."

Kile kikubwa ningekimudu, ila kingemeza pesa niliyoiweka kwa nauli ya kwetu. Shangazi Tumaini, anayekaa kwenye nyumba ya bibi, alikuwa akinipigia simu kila mwezi kuniita, nami kila mwezi namwambia nauli ipo, bado kidogo tu. Nikamwomba Shija anipe hadi kesho. Nikalala nikiwaza taa ya bluu.

Nikasukuma tena mlango wa duka lake, na sakafu ilikuwa mchanga. Mchanga wa ufukweni kwetu, wenye unyevu wa asubuhi. Ni siku ya gulio. Vyungu vimepangwa safu kwa safu, na katikati yake vimekaa vile vijisanduku vitatu, kikubwa kinapepesa taa yake. Shija, ambaye hajawahi kufika Matema, anauza dagaa na kulalamikia bei. Sioni ajabu yoyote.

Bibi ameketi mkekani, kanga kiunoni, udongo umemkaukia viwikoni.

"Mume wangu," anasema, "umeoa uzee bila kuniaga."

Najishika kichwa. "Hizi si mvi, bibi. Ni rangi ya ukutani."

"Ndiyo. Na mimi nimesinzia tu."

Anacheka, nami nacheka, na harufu ya moshi wa kuchomea vyungu inanijaa kifuani hadi nasahau nilichokuja kununua. Yeye hajasahau. Anakinyanyua kile cheusi, anakipima kwa mkono, anakigeuza kutazama kitako.

"Hiki kinafanya nini?"

Namweleza kama Shija alivyonieleza: kwamba ndani ya simu sauti imelala kama namba, haina umbo, na hicho ndicho kinachoipa umbo.

"Kumbe kinafinyanga," anasema, na sasa anakiheshimu kidogo. "Umekigonga?"

Nakumbuka alivyokuwa akiwafundisha wateja. Chungu usikigonge kikiwa chini, ardhi inameza mlio. Kiweke juu ya kiganja, kigonge kwa kifundo cha kidole, usikilize kama kuna ufa. Na kabla ya hayo alikifunika kwa kanga, kwa sababu udongo mwekundu na nakshi nyeupe vimewauzia wengi vyungu vinavyovuja.

"Nilisikiliza dukani, bibi. Kikubwa kilishinda."

"Nani alikuwa anagonga?"

Namwonyesha Shija kwa kidevu. Shija anajifanya anapanga dagaa.

"Kijana," bibi anamwita, "njoo ugonge vyote kwa nguvu moja. Aliyezoea kupaza sauti sokoni ana chungu cha kuficha."

"Shikamoo bibi," anasema Shija, anaacha dagaa wake na kuja.

Bibi anafungua kanga yake, anavifunika vijisanduku vyote vitatu, anavichanganya kwa mikono miwili kama anayeosha mchele. Nauliza tutavijaribu kwa wimbo gani. Ananitazama kama nimeuliza chungu huinjikwa upande gani.

"Kwa kitu unachokijua."

Na wimbo wake unaanza, ule wa kwenye kaseti, na yeye mwenyewe yuko kimya mbele yangu anasikiliza. Cha kwanza kinaimba. Ni yeye hasa, na ule mkwaruzo mdogo wa kooni. Cha pili kinaimba. Cha tatu. Natega sikio, nafumba macho, naomba kurudia. Anarudia.

"Haya, mume wangu. Kikubwa ni kipi?"

"Bibi," nasema, "sijui. Vyote vitatu ni wewe."

Anacheka mpaka anaegemea vyungu. Gulio zima linacheka, Shija naye anacheka kwa sauti kuliko wote, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi chukua kidogo," anasema akijifuta macho kwa pindo la kanga. "Chungu kisicho na ufa ni chungu. Kinachozidi hapo ni maringo."

Nakitia kile cha kijivu mfukoni, na tayari tuko chumbani kwangu Mwanza, yeye na mimi na vyungu vyote. Vyungu vyetu vina kitako cha mviringo, havikai vyenyewe bila mafiga, kwa hiyo vinabiringika sakafuni huku na huku, nami navikimbilia nikivizuia kwa miguu. Bibi amesimama mlangoni, hataki kuingia.

"Mafiga yako yako wapi?"

Naonyesha amplifaya na spika mbili. "Haya hapa. Matatu."

Anatabasamu, lakini hacheki tena.

"Hayo ya kubeba. Mafiga hayabebwi, mume wangu."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na mashavu yananiuma kwa kucheka.

Sikunywa chai. Nilimkuta Shija anafungua duka, nikamwomba afunike vijisanduku kwa kitambaa, avichanganye, asipandishe sauti hata kidogo, na apige wimbo wangu badala ya ule wake. Alinitazama kwa wasiwasi, akakubali. Nilikosea mara mbili kati ya tatu. Nikalipia cha kijivu.

"Wateja wa namna yako wakiwa wengi nitafunga duka," akasema.

Asubuhi ile, chumbani, nilisikia kitu ambacho kaseti na debe vilikuwa vimekificha miaka yote. Kabla ya kila mstari wa wimbo kuna mlio mdogo: ko. Kifundo cha kidole kwenye chungu. Bibi alikuwa akigonga kimoja, akikiamini, ndipo anaimba.

Nilimpigia shangazi kabla hajanipigia yeye. Nikamuuliza kama mafiga ya bibi bado yapo nyuma ya nyumba.

"Yataenda wapi?" akasema. "Hata sasa nimeinjika maharage."

Siku niliyoondoka kabisa, brashi za rangi nilimwachia mama mwenye nyumba. Alisimama mlangoni akihesabu mizigo yangu kwa macho, kama wafanyavyo wenye nyumba.

"Safari hii unahamia mji gani?"

"Sihamii," nikamwambia. "Naenda kula."

Spika nilizifunga ndani ya godoro, amplifaya kwenye begi la mgongoni. Kile kijisanduku nilikitia mfuko wa shati, na njiani kuelekea stendi nikakigonga mara moja kwa kifundo cha kidole.