Mate ya Baba na Mashine za Dada

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Miaka ile ya soko huria nilikuwa fundi redio mjini Dodoma. Mtu anayeletewa kila siku betri mpya zisizo na nguvu, na redio zenye jina kubwa nje na waya mbili tu ndani, haamini haraka. Kwa baba hali ilikuwa mbaya zaidi. Ujana wake wote aliumalizia kwenye shamba moja la umma la zabibu, upande wa Makutupora. Siku moja walikuja wageni wapole, wakamsalimia kila mtu, wakachuma jani hapa na kijiti pale, wakavitia kwenye mifuko. Haukupita muda mrefu shamba likawa na mwenyewe, na baba akarudi kijijini kwetu Zuzu kulima mtama. Tangu hapo, mgeni mpole akiinama hata kufunga kamba ya kiatu, baba alikuwa akimtazama mikono.

Basi dada yangu mkubwa alipokuja likizo kutoka Ulaya, alikokuwa anasomea udaktari ule usiotibu watu, akatuambia kazi yake ni kuunda mota, machale yalinicheza. Mota ninazijua, nazifungua kila siku. Nikamwuliza hizo zake zina ukubwa gani. Akasema hazionekani, hata kwa hadubini ya kawaida. Nikacheka kwa dharau. Wakati ule mjini kulikuwa na watu wengi wanaouza vitu visivyoonekana, kuanzia viwanja hadi kazi za Uarabuni, na wengi wetu tulishapigwa changa la macho.

Alijitahidi kunieleza, haki yake nimpe. Alichukua zipu ya koti langu bovu, akaifunga na kuifungua. Akasema ndani ya kila kiumbe kuna nyuzi za vinasaba, na kila uzi unamjua mwenzake. Zikikutana zinashikana kama meno ya zipu. Wao maabara huzipanga nyuzi hizo zikawa koleo dogo lenye mikono miwili. Ukitia ndani ya maji uzi mmoja wa ziada, unaishika mikono yote miwili na koleo linafumba. Ukitia mwingine, ule unaojuana zaidi na wa kwanza, unauvuta wa kwanza na kuondoka nao, na koleo linafumbua. Betri hakuna. Mafuta ya mashine ni uzi.

Nikamwuliza koleo hilo linashika nini. Akasema kwa sasa halishiki kitu, linafumba na kufumbua tu. Nilijua hapo kuna jambo anaficha. Nani atampandisha mtu ndege na kumlisha miaka kwa ajili ya koleo lisiloshika kitu?

Kosa kubwa alilifanya tukiwa tunakula. Baba alimwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, hivyo vinasaba vinapatikana wapi. Dada akafurahi kuulizwa. Akasema viko kila mahali, kwenye damu, kwenye nywele, kwenye mate, hata kwenye jani la mzabibu. Baba akabaki na tonge mkononi.

Kuanzia kesho yake baba akitema mate aliyafukia kwa mguu. Alijinyoa mwenyewe na kuzichoma nywele. Mimi nami niliona ndani ya begi la dada mfuko mzima wa vichupa vidogo vya plastiki, vina vifuniko na vitupu. Akaniambia amewaletea wanafunzi wa sekondari aliyosoma. Ningemwamini, lakini vichupa vitupu vilivyosafirishwa kutoka Ulaya hadi Zuzu vilinishinda kuelewa. Nikamwambia baba. Akatikisa kichwa mara moja kukubali, kama mtu aliyekuwa anangoja habari hiyo.

Ikafika siku ya kuondoka. Kwetu mtu anayekwenda mbali haachwi aende hivi hivi. Mzazi hupiga funda la maji, akalichanganya na mate yake, akampulizia mtoto usoni na kifuani huku akimwombea njia. Aliyeondoka bila kupuliziwa ameondoka na kinyongo cha nyumbani, na kila litakalompata huko litasemwa ni hilo. Mama alileta maji kwenye kibuyu. Baba hakunyoosha mkono kuyapokea.

Dada akapiga magoti. Akasema nyuzi za maabara yao hutengenezwa kiwandani kutokana na kemikali, huagizwa kama vipuri, na hakuna mtu anayetolewa mate.

"Basi kama mate yangu huna kazi nayo," baba akasema, "unayadai ya nini?"

"Kwa sababu ninakwenda mbali, baba. Sitaki kwenda bila wewe."

Baba akachukua kibuyu, akapiga funda, akampulizia mara ya kwanza, na ya pili, akamwombea vizuri tu. Dada alipotaka kuinuka, akamzuia.

"Kaa hapo juani mpaka ukauke."

Dada akakaa. Baba alisimama pembeni akimlinda asitoe leso, na mimi nililinda begi. Jua la Dodoma halichelewi, lakini machozi yalianza kumtoka dada, na baba akasema na hayo yakauke. Nilijisikia vibaya sana, hata mimi.

Njiani kwenda stesheni nilimwuliza kama vinasaba vikikauka vinakufa. Akasema hapana, vikikauka ndiyo hudumu zaidi, hata wao maabara huvihifadhi hivyo. Nikasimama. Kwa hiyo alikaa pale juani akijua? Akaniambia alijua, ila baba alihitaji kuona amekauka. Stesheni upepo ulikuwa unatimua vumbi, uso wake ukawa mwekundu wa udongo. Nilimnunulia maji anawe. Aliyanywa yote, akapanda treni na uso wake vile vile.

Niliporudi baba alikuwa bado nje. Nikamweleza yote, nikijiandaa kwa ghadhabu, maana safari hii ushahidi ulikuwa kamili.

"Hakunawa?" akauliza.

Nikamwambia hakunawa.

Akakaa chini pale pale dada alipokuwa amekaa, akapangusa pua kwa kiganja.

"Mtoto kaja kuniomba baraka," akasema, "nami nikamwanika kama mtama."