Buti za Bwana Pang

Mvua ikianza tu, Bwana Pang anaacha kusaga soya, anasogea mlangoni na kusema peke yake, "Sijui kule langoni kama wamezifunika."

Mkewe, Bi. Miao, haulizi kule ni wapi. Ni Baitang, kusini kabisa. Na zinazotakiwa kufunikwa ni buti.

Bwana Pang ni mtoto wa muuza tofu, lile jibini la soya, bwana. Wenzake waliopasi mtihani wa dola wa kupata vyeo walikuwa watoto wa wakubwa, baba mkuu, babu mkuu. Yeye alifeli na kufeli mpaka mvi zikamtoka, na alipopasi akapelekwa mbali huko, maana sheria ya mfalme haikubali mtu atawale kwao. Akawa mkuu wa wilaya mahali ambapo hata salamu haelewi. Kila kesi, mkalimani pembeni.

Sasa, mkuu akipendwa, siku ya kuondoka watu wanamsimamisha kwenye lango la mji, wanamvua buti na kuzitundika pale juu zikae miaka. Wilaya ya kwanza Bwana Pang aliondoka nazo miguuni. Ya pili, vilevile. Wale watoto wa wakubwa zao zilitundikwa kila walikopita, kwa sababu makarani waliwatafutia watu wa kulipwa walie.

Baitang ilikuwa ya mwisho. Baada ya hapo anastaafu.

Karani akamjia taratibu. "Mheshimiwa, nikuandalie watu wawili watatu? Wanalia vizuri hao."

"Hapana."

Karani alipotoka, Bi. Miao akasema, "Haya, utatoka nazo tena. Basi angalau vaa zile mpya."

"Nikivaa mpya wataona nilikuwa nasubiri."

Na kusubiri alikuwa anasubiri, tangu wilaya ya kwanza.

Asubuhi machela yake, kile kibanda cha kubebwa mabegani, ikafika langoni. Watu walikuwepo, ila kimya. Alisikia kuku tu. Machela imeshaingia chini ya lango, buti bado miguuni, ndipo fimbo ikagonga mlango wa machela: ko, ko. Mama Kuang, bibi aliyeshindwa kesi ya nguruwe mbele yake.

"Anasema ushuke," mkalimani akasema.

"Amekuja kudai nguruwe?"

"Anasema nguruwe ulimnyima, na mpaka leo anaona ulikosea. Ila wakuu wengine wote walimfukuza hajamaliza kusema. Wewe ulimsikiliza mpaka mwisho, ukamuuliza na nguruwe alikuwa anapenda kula nini. Anasema lete miguu."

Bwana Pang akashuka, akakaa chini palepale. Mama Kuang akavuta buti ya kwanza, na soksi ilikuwa na tundu, kidole gumba kiko nje kinachungulia wilaya nzima. Mtu akasema kitu kule nyuma, lango zima likacheka. Mkalimani alikuwa anacheka mpaka akashindwa kutafsiri. Haikuhitajika. Kwa mara ya kwanza Bwana Pang alielewa mwenyewe.

"Nilikwambia uvae mpya," Bi. Miao akasema huku kajifunika uso.

Alirudi kwao na kandambili za majani alizopewa na Mama Kuang. Zilishakatika zamani, na Baitang ni mbali mno kwa miguu ya sasa.

"Ile ya kushoto ina kiraka," anasema leo, anaangalia mvua. "Itavuja."

"Mama Kuang yupo, atazifunika."

"Yule? Yule bado ana hasira ya nguruwe."

Bi. Miao anacheka, anamsogezea kigoda hapohapo mlangoni. Soya itasagwa baadaye.