Chupa Moja ya Insulini

Injini ya dizeli ilikuwa imemla Zachary Gichuki sikio la kushoto, na la kulia lilibaki likisikia kidogo tu. Alikuwa amewasagia watu wa Matisi mahindi kwa muda mrefu hivi kwamba hata Jumapili, kinu kimefungwa, bado aliongea kwa sauti ya mtu anayeshindana na mashine. Wateja walimzoea. Wakimkuta ameinama akirekebisha mkanda, hawakumwita. Walingoja Vumbi aamke.

Vumbi alikuwa paka wa kijivu, rangi ya unga uliotulia ukutani, na mahali pake palikuwa juu ya gunia la pumba karibu na mlango. Mtu akiingia, paka aliinua kichwa, na Gichuki, ambaye jicho lake halikuacha kumtazama, aligeuka na kusema karibu. Panya aliwakamata pia, lakini panya wangeweza kuwekewa sumu. Ile kazi nyingine hakuna aliyeweza kumfanyia.

Mwaka wa 2004, baada ya mavuno, Vumbi alianza kukonda. Alikula kuliko zamani na bado mbavu zilionekana. Alikunywa maji ya pipa la kupozea injini, akirudi tena na tena, mpaka Gichuki akadhani dizeli imevujia humo ikamdhuru. Akalimwaga pipa lote akalisugua. Haikusaidia.

Aliyeutambua ugonjwa ni Rispah, muuza ndizi, mzaliwa wa Bungoma aliyeolewa Matisi. Alikuwa nje ya kinu akingojea unga wake alipoona sisimizi wamejipanga hadi pale paka alipokojoa. Aliingia akasemea lile sikio la kulia.

"Baba Nduta, hii paka yako iko na sukari."

"Nani amempa sukari?"

"Hakuna mtu amempa. Iko nayo kwa damu, kama mimi. Si hata mimi nilijulikana hivyo? Sisimizi ndio walinishtaki mbele ya mama mkwe."

Noah, daktari wa mifugo, alicheka kwanza, kisha akapima. Ilikuwa kweli. Alisema paka hutibiwa kwa insulini ileile ya watu, tone dogo asubuhi na jioni, na ale dagaa wa omena badala ya ugali. Gichuki alinunua chupa mjini Kitale kwa bei iliyomnyamazisha siku nzima. Halafu akafanya kosa la mtu wa kinu. Kila kitu cha thamani, oili, mkanda wa akiba, chupa ya chai, alikiweka kwenye rafu juu ya injini, mahali macho yake yalipokaa. Insulini nayo akaiweka hapo. Akawa anamdunga Vumbi dawa iliyokwisha kufa kwa joto, kwa mkono mpole, akimwomba msamaha kila mara.

Paka hakupata nafuu. Aliacha kabisa kuinua kichwa. Wateja wakaanza kumgusa Gichuki begani, naye akashtuka kila mara, kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua.

"Umeipika," Rispah alimwambia alipoiona rafu. "Hii ni kama maziwa, bana. Yangu nimeweka kwa chungu ndani ya mchanga wa maji, chini ya meza."

"Siwezi kununua ingine. Si kwa bei ile."

"Hata mimi siwezi. Enda Bungoma. Kuna zahanati ya kanisa, watu wa sukari wanauziwa bei ya chini. Mimi huchukua huko, miguu ikikubali."

"Na ikikataa?"

Rispah alifunga mfuko wake wa unga. "Napunguza. Nadunga leo, kesho naruka."

Gichuki alienda. Njia nzima alitayarisha uongo: mgonjwa anaitwa Kibe, ni mpwa wake, amelala nyumbani. Lakini pale zahanati aliketi kati ya wazee wenye miguu iliyofungwa vitambaa, wengine wametembea tangu alfajiri, na uongo ule ukamshinda. Zamu yake ilipofika, Lorna, muuguzi aliyegawa dawa, aliomba kadi ya mgonjwa.

"Hana kadi. Ni paka," Gichuki alisema, kwa sauti ileile ya kinu, na benchi lote likasikia.

"Yangu iko na presha," mzee mmoja alisema. "Nilete kesho?"

Watu wakacheka. Lorna hakucheka. "Baba, bei imepunguzwa kwa ajili ya watu. Siwezi kukupa."

"Najua. Hata mimi ningekataa." Lakini hakuondoka. "Na mtu ambaye ana kadi na hafiki, mnamfanyaje? Rispah wa Matisi, yule wa ndizi."

Lorna aliweka kalamu chini. "Huyo yuko hai? Tulishamhesabu kati ya waliotuacha."

Kwa muda Gichuki alimsahau paka. Alimwona Rispah na beseni lake la ndizi kichwani, akitania kila mtu barabarani, na akaelewa kwamba amekuwa akimtazama mtu anayezimika polepole. "Nipe yake nimpelekee."

"Nitajuaje itamfikia?"

"Amesema ukweli juu ya paka," yule mzee alijibu kutoka kwenye benchi. "Atadanganya juu ya mama?"

Lorna akatabasamu. Aliiweka chupa kwenye thamosi ya maji baridi. "Ikishafunguliwa, mwezi ukiisha tunatupa, hata kama imebaki. Inayobaki, zungumza na mwenye chupa. Mimi sijasikia kitu. Lakini kila mmoja sindano yake."

Jioni hiyo Gichuki aliikabidhi thamosi kwa mikono miwili, wala hakutaja paka. Rispah ndiye aliyeuliza.

"Iko wapi?"

"Kwa kinu."

"Dawa iko hapa, mgonjwa iko kwa kinu? Ilete."

Basi ikawa hivyo asubuhi na jioni: Gichuki akija kwa Rispah na gunia kifuani, sikio moja la kijivu likichungulia. Kila mwezi alienda Bungoma na kadi ya Rispah. Vumbi alirudisha mwili taratibu, kwanza mgongoni, kisha mashavuni. Rispah naye akaacha kushika ukuta anapotembea.

Asubuhi moja ya mvua alijilaza kitandani, hakutaka kuinuka. "Leo nimechoka, Baba Nduta. Dunga huyo wako uende."

Gichuki aliketi kwenye stuli, paka mapajani. "Mwenye chupa kwanza."

"Wateja watajaa huko."

"Wangoje."

Rispah aliwatazama, mzee na paka, wote wawili hawatikisiki. Mvua iliendelea kupiga mabati. Mwishowe akanyoosha mkono kwenye chungu chini ya meza.

"Mnasumbua nyinyi," alisema, akaanza kupandisha blauzi yake. "Angalia kando."