Mama Uzi na Goti Linalotazama Dirishani

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Uzi anachechemea hadi kwenye meza ya upasuaji. Anavuta waya kutoka nyonga ya mgonjwa hadi kifundo cha mguu, anautazama kwenye kioo cha eksirei, kisha anautazama mguu.

"Goti linatazama pembeni," anasema.

Daktari anaweka nyundo chini. Goti linageuzwa litazame juu, picha inapigwa tena. Waya uliopita palepale panapotakiwa kwenye goti sasa umehama milimita nane. Kumbe kazi bado.

Ndiyo kazi yake kwa miaka kumi na tisa, kushika waya wa kupimia unyoofu wa mguu wakati watu wazima wakinyooshwa matege. Mfupa wa ugoko hukatwa chini kidogo ya goti, lakini haukatwi wote. Upande mmoja huachwa uwe kama bawaba ya mlango, na pengo hupanuliwa polepole. Ukiwa na pupa, bawaba inavunjika. Goti likigeuka wakati wa kupima, waya unadanganya.

Miaka sita iliyopita aliuona ukidanganya, akanyamaza. Daktari wa siku ile alikuwa na haraka.

"Nikajiuliza, mimi nani? Nikameza maneno, mtu mzima na akili zangu." Mgonjwa, fundi cherehani, aliposimama mguu ulikuwa bado umepinda. Akarudishwa mezani. "Niliona aibu, we acha tu."

Tangu hapo hanyamazi. Wenzake humwita honi.

Alhamisi ijayo atalala yeye mezani, kwa matege aliyozaliwa nayo. Atapigwa ganzi ya kiuno kwenda chini, atakuwa macho, ila pazia litamzuia kuona. Waya atashika muuguzi mpole kupita kiasi.

"Huyo ukimkanyaga, anakuomba radhi yeye," anasema Mama Uzi. "Naogopa, nisikufiche. Kisu nimekizoea. Ukimya wake ndio unaninyima usingizi."

Kwa hiyo mchana huu, katika chumba cha stoo, amejilaza kwenye benchi kwa mazoezi. Muuguzi ananyoosha waya. Mama Uzi anaugeuza mguu kidogo tu, makusudi, na kufumba macho.

Kimya.

"Mama," muuguzi ananong'ona hatimaye, "samahani, goti linatazama dirishani."

Mama Uzi hafumbui macho.

"Samahani iondoe. Halafu paza sauti, mwanangu. Alhamisi daktari atakuwa anagonga nyundo."