Bibi Alinifuata Ziwani Hangzhou

Usiku ule wa kutoka ziwani nilijitupa kitandani na viatu miguuni, na sikumbuki kama nilizima taa. Sikuwa na huzuni. Ningependa kusema nilikuwa nayo, maana ndiyo heshima yenyewe, lakini kwa kweli sikuwa na kitu chochote. Tangu mama aliponipigia simu kuniambia kwamba bibi amefariki, na kwamba wameshamzika, na kwamba walinificha ili nimalize kwanza mitihani, ndani yangu palikuwa pamenyamaza. Nilimjibu, "Sawa, mama." Baada ya hapo sikupokea tena simu yake.

Kwetu Songea hilo si jambo la ajabu. Mtoto akiwa masomoni mbali, msiba humsubiri mpaka aweke kalamu chini. Karibu kila ukoo una mtu aliyefichwa namna hiyo, na safari hii mtu huyo nilikuwa mimi. Mama aliendelea kunitumia ujumbe wa sauti kila siku. Niliuona ukiingia, sikuufungua. Nilijua namuumiza, ila nilijua kwa kichwa tu, kama unavyojua kwamba mahali fulani mvua inanyesha.

Mchana wa siku hiyo Hamisi, kijana wa Tanga ninayekaa naye chumba kimoja bwenini, alinivutia shuka kwa nguvu. "Kaka, inuka bwana! Utaota uyoga humo kitandani." Ndivyo nilivyofikishwa Ziwa Magharibi, hapahapa Hangzhou tunakosoma, ambalo watu wanatoka pande zote za China kuja kuliona. Mierebi ilikuwa imeinamia maji, yungiyungi yamechanua, joto la kiangazi limetulia juu ya kila kitu, na wazee wanacheza karata vivulini. Nililitazama ziwa lile kama mtu anayetazama kalenda iliyotundikwa ofisini kwa mtu mwingine. Hamisi akapiga picha nyingi, mimi nikamshikia chupa ya maji.

Tukapanda mnara wa Leifeng, ule wa ghorofa nyingi ulio kilimani kando ya ziwa. Unafikishwa mlangoni kwa ngazi za umeme, jambo lililomchekesha sana Hamisi. Mnara wenyewe ni mpya. Wa kale ulianguka, na matofali yake yamelala mlemle chini, nyuma ya vioo, rundo la udongo na vumbi. Hamisi alisoma maelezo akaniambia kwamba watu walikuwa wakija kuchomoa tofali mojamoja, kwa bahati, kwa dawa, mpaka mnara ukakosa cha kusimamia. "Hawa nao!" akasema, akacheka peke yake. Tukarudi bwenini.

Nikalala. Sijui nilikuwa nimelala kiasi gani, lakini nilikuwa tena ziwani, na safari hii Hamisi hayupo.

Hapakuwa na watu wala karata. Mwanga ulikuwa ule wa alfajiri ambao haujaamua. Bibi alikuwa amesimama kwenye geti la mnara, amevaa kitenge chake cha kijani, kopo la ugoro mkononi, anagombana na mlinzi wa Kichina kwa Kingoni, na mlinzi anamwelewa vizuri kabisa. Nilijua amekufa. Halikunishtua. Nilisimama kando nikamngoja amalize ugomvi wake, kama nilivyozoea kumngoja sokoni.

Anageuka, ananiona.

"Mume wangu," anasema. "Umekonda."

Ndivyo alivyoniita maisha yangu yote, kwa kuwa nimerithi jina la babu, na kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume, wana ruhusa ya kutaniana mpaka watu wazima wazibe masikio. Tunaondoka getini, tunatembea ukingoni mwa maji. Anatembea vilevile, mguu wa kushoto anauvuta kidogo, mkono mmoja kiunoni. Anasimama, analitazama ziwa lote kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Maji yote haya," anasema, "na hakuna hata mtu anayefua?"

Zamani ningemjibu hapohapo, kwamba wamesikia anakuja wakaficha nguo zao. Nikasema, "Hapana, bibi." Akanitazama kwa pembeni, akavuta ugoro, hakupiga chafya.

Sasa tuko kwenye ngazi za umeme. Anagoma kukanyaga. Anaziangalia zinavyopanda zenyewe, anasonya, kisha ananishika mkono. Kiganja chake kina joto, kikavu, sugu za jembe zipo mahali pake. Nangoja nihisi kitu. Sihisi. Najiambia, huyu ni bibi yako, amekushika mkono, na bado ni sawa na kushikwa mkono na mpita njia anayeuliza barabara. Ngazi zinatupandisha, zinatupandisha, na tunapofika juu siyo juu. Ni chini, mbele ya vioo.

Nyuma ya vioo hakuna matofali. Kuna uwanja wa nyumbani kwa bibi. Watu wamekaa kwenye mikeka, jeneza liko katikati juu ya meza ya kulia chakula, na pembeni kuna kiti chenye nguo za bibi zilizokunjwa, kile kitenge cha kijani kikiwa juu. Mama amesimama karibu na kiti. Wajukuu wenzangu wamejipanga ukutani, wanaangaliana, kila mmoja anamsukuma mwenzake kwa kiwiko.

Naelewa wanangoja nini. Kwetu bibi hatoki uwanjani kwake mpaka wajukuu wamtanie. Mmoja anavaa nguo zake, anatembea kama yeye, anawagombeza waombolezaji kwa sauti yake, na watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Ndipo jeneza linapobebwa. Anayeanza ni mjukuu wa kwanza, yule mume, yaani mimi. Nyuma ya kioo hakuna anayeanza. Wanaume wanasimama, wanalibeba jeneza, wanatoka nalo, na nguo zinabaki kwenye kiti.

"Nilizikwa kimya," bibi anasema. "Kama mgeni."

Nataka kumjibu kwa utani. Nautafuta mdomoni na sioni hata neno moja. Kinachotoka ni kingine.

"Mbona hamkuniambia?"

Bibi anaangua kicheko, kile chake cha kujipiga paja.

"Mimi nilikuwa nimekufa, ningekuambiaje?" Anafunga kopo la ugoro, analifutia kwenye kitenge. "Muulize aliye hai."

Naangalia tena kiooni. Uwanja umebaki mtupu isipokuwa mama. Anachukua kile kitenge ambacho kimeshakunjwa, anakikunjua, anakikunja upya. Anakiweka, anakichukua tena. Nagonga kioo. Nagonga kwa viganja vyote viwili. Hasikii. Nageuka kumwomba bibi anisaidie, na bibi ameshakanyaga ngazi za umeme mwenyewe, bila kuniuliza, zinampandisha huku ananung'unika jambo na yule mlinzi.

Nikaamka. Viatu bado miguuni. Jua lilikuwa limeshapanda na Hamisi ameshatoka, lakini nyumbani, kwa saa za huko, ndiyo kwanza palikuwa panakucha. Nikashika simu kabla sijapata muda wa kujishauri. Iliita mara moja tu.

"Baba?" mama alisema. Kwake mimi ni jina la baba yake. "Baba, ni wewe? Kuna nini?"

Nilikuwa nimekusudia kumuuliza. Neno la kuuliza nilikuwa nalo tayari. Badala yake nikafungua mdomo ikatoka sauti ya bibi, ile ya puani, ya kulalamika tangu asubuhi.

"We Agnesi! Hii chai umeitia majani, au umeyaonyesha maji kwa mbali?"

Nikaogopa, nikadhani nimeharibu. Kisha mama akacheka. Alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, kirefu, cha kuishiwa pumzi, na katikati kikakatika kikawa kilio, naye hakujisumbua kuvitenganisha.

"Hakuna aliyemtania," alisema alipoweza. "Wenzio waligoma. Walisema mume mwenyewe hayupo, sisi tuanze kama nani? Tukamtoa hivyohivyo."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

Nilisikia akivuta kigoda, akikaa.

"Kila mtu hapa alikuwa ananipa pole," alisema. "Ukitoka nje pole, ukienda kisimani pole. Halafu wewe unapiga simu, unaniuliza, bibi hajambo? Mimi nasema hajambo. Ulikuwa umebaki wewe tu duniani unayeniuliza hivyo, mwanangu. Nikasema, acha nikae naye hapo kidogo, angali mzima. Mitihani ilikuwa maneno ya kuwaambia watu."

Hapo ndipo iliponiuma. Ilinichoma chini ya mbavu, kwa nguvu, mpaka nikateremka kitandani nikakaa sakafuni, na niliyapokea maumivu yale kwa shukrani, kwa sababu yalikuwa yangu na yalikuwa yamechelewa. Kila mmoja alimsikia mwenzake akilia.

"Usiku nimemwona," nikamwambia. "Alikuja huku, ziwani."

Mama akapenga kamasi. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeomba kitu asichokuwa na uhakika kama atapewa.

"Hajambo?"

"Hajambo, mama," nikasema. "Anakusalimu."