Mahindi Yaliliwa na Dumuzi, Mwizi Nikaitwa Mimi

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliniita mwizi mbele ya mama mkwe. Mwizi alikuwa mdudu, na yeye anajua.

Tulivuna magunia saba ya mahindi. Ndiyo chakula chetu, mimi, wanangu watatu na mama mkwe, hadi mavuno mengine. Mwezi wa pili baada ya mavuno nikaona unga chini ya magunia, na nguzo za ghala zimetobolewa. Shemeji akaja na pakiti ya dawa.

"Hiyo ya fukusi," nikamwambia. "Hawa ni dumuzi."

"Kwani shemeji, walikuja kwako kujitambulisha?"

Nikamwekea kiganjani aone. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga. Hutoboa punje, ukimwanika juani anatoka mbio. Dumuzi hana mkonga. Kichwa kakiinamisha kifuani kama mkwe mwenye haya, na jua halimtoi. Punje anaisaga ikawa unga, hata mti anautafuna. Dawa ya fukusi kwake ni poda ya kujipaka.

Shule sikuiona, lakini ghala lile nimelifagia miaka ishirini.

"Jina lako tu hujui kuliandika," akasema, "unisomeshe mimi?" Akachanganya dawa yake, akafunga magunia.

Baada ya miezi miwili mama mkwe aliinua gunia kwa mkono mmoja. "Mke wa mwanangu, chakula cha wajukuu zangu umempelekea nani?"

"Dawa nilitia mwenyewe, mama," shemeji akadakia. "Na mdudu habebi mahindi kichwani."

Nikanyang'anywa funguo za ghala.

Siku tatu baadaye nilimkuta shemeji ghalani, amemwaga gunia juu ya turubai. Unga na maganda matupu. Akachota, akapuliza, akaniona.

"Sasa umejua," nikasema.

Akakohoa. "Nina safari."

Leo ni wiki ya tatu tangu siku hiyo. Magunia manne yaliyobaki yanaliwa mle ndani, nami nimesimama nje ya mlango. Nimembembeleza mama mkwe tuyachekeche, tutie dawa ya dumuzi. "Mwanangu kasoma," ananijibu. "Wangekuwa dumuzi angeniambia." Wanangu wanapimiwa kikombe kimoja kwa siku. Jirani akiniona anavuta kapu lake karibu.

Mahindi yaliyoliwa simdai, dumuzi hatapiki. Ninachomdai shemeji ni maneno machache, ayaseme mbele ya mama yake kabla gunia la mwisho halijawa vumbi: "Mama, ni dumuzi. Nilikosea."