Mashine ya Mawimbi ya Baba Kasimiri

Mume wangu Telesphor Malale ana benchi moja kwenye kibanda chake cha ufundi hapa sokoni Mpanda, na msidhani liliwekwa kwa ajili ya kupumzikia. Ni la walinzi. Mtu akileta redio, amplifaya ya kwaya au ditekta ya kutafutia dhahabu, haiachi akaondoka. Anakaa hapo anakodoa macho mpaka skrubu ya mwisho irudi mahali pake, maana anaogopa fundi atamtolea kifaa kizima amwekee kibovu. Kuna mama wa Kasokola alikuja na mumewe na shemeji yake, wakakaa watatu kulinda redio moja.

Ungedhani mtu aliyelindwa hivyo miaka thelathini angechukia kushuku watu. Thubutu! Baba Kasimiri ndiye mwenyekiti wao. Kanisani anakaa benchi la mwisho ili aione baiskeli yake. Sukari nikileta kutoka dukani anaipima tena. Namba yake ya simu hampi mtu asiyemjua, anatoa yangu, ili wakimsumbua mtu wanisumbue mimi.

Kitu kimoja tu alikiamini duniani, nacho ni ile mashine ya mawimbi. Jina lake la kitaalamu ni oskiloskopu. Ni sanduku zito la bati lenye kioo cha duara mbele, na ukiiunganisha na redio inakuchorea mstari wa kijani unaoruka, fundi anauona ugonjwa kwa macho. Aliachiwa na padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na ilikuwa kuukuu tayari siku hiyo. Kila mwezi aliifungua, akaipiga brashi, akafuta swichi zake kwa spiriti, akabadilisha kapasita zilizovimba. Mimi sijawahi kufutwa vumbi namna ile. Lakini nisimseme vibaya, ndiyo iliyotulisha. Wachimbaji walikuwa wanatoka mbali na ditekta zao kwa sababu yake, wanasema Malale habahatishi.

Mwezi wa tatu mwaka huu mstari wa kijani ukapotea. Alihangaika wiki mbili. Ndani ya mashine hiyo kuna taa ndogondogo za glasi za kizamani, na moja ilikufa, na taa hizo haziuzwi tena dukani. Bila mashine alianza kubahatisha, ditekta mbili zikarudi zina ubovu uleule, na wachimbaji wakaanza kutazamana. Tukaelekezwa kwa fundi mmoja wa Katumba anayeitwa Pontien, naye ana mashine kama hiyo.

"Mama Kasimiri, jiandae," akaniambia. "Tunakwenda wawili."

"Mimi nikafanye nini?"

"Nikienda chooni nani ataangalia?"

Haya, nikaenda kuwa askari. Pontien alikuwa kijana wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya. Wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, yeye kazaliwa hapohapo Katumba na ni raia kama mimi. Alipoona tumekaa bega kwa bega tunamtolea macho, alicheka kidogo tu. "Karibuni, Mzee. Hata kwangu wanakaa hivyohivyo."

Siku ya kwanza alipima kila kitu. Siku ya pili akapanda kwenye rafu, akashusha mashine yake mwenyewe, akachomoa taa moja ya glasi na kuichomeka kwenye ya kwetu. Hakuwasha kwa pupa. Aliupitisha umeme kwanza kwenye balbu ya kawaida, ili uingie kidogokidogo. Mstari wa kijani ukatokea. Nilipiga vigelegele, kweli!

"Chukua tu, Mzee," Pontien akasema. "Yangu siitumii sana. Siku nikikwama nitakuja unipimie."

Nikamwona mume wangu uso unajikunja. Mtu akikupa chake bila kuombwa, kwa Telesphor huyo tayari kachukua kikubwa zaidi.

Na hapo ndipo na mimi nilipoharibu. Baba Kasimiri alikwenda chooni, na Générose, mkewe Pontien, akaniita uani nikaonje maharage yaliyopikwa na ndizi. Jamani, njaa ilikuwa inauma! Nikala, tukapiga soga, nikakaa kama robo saa. Niliporudi, Baba Kasimiri alikuwa bado hajatoka chooni, mashine imefungwa vizuri na Pontien anaifuta.

Tukapanda bajaji kurudi, mashine mapajani kwangu imefungwa kwenye kanga. Tulipofika katikati ya njia akaanza.

"Uliiangalia muda wote?"

"Niliiangalia."

"Nitazame usoni."

Mimi kudanganya nikitazamwa usoni siwezi. Nikamwambia ukweli, maharage na yote. Akampigia dereva kelele asimame. Akaiweka mashine pembeni mwa barabara kwenye majani, akatoa bisibisi mfukoni.

"Baba Kasimiri, mstari si tumeuona wote? Twende nyumbani!"

"Mstari wowote unaweza kutoka kwenye kioo cha mtu mwingine. Changu kina alama yangu shingoni."

Hicho kioo ni kirefu, nyuma kina shingo nyembamba ya glasi, nayo imefunikwa na bati. Bati lilikuwa limekaza. Akavuta, halikutoka. Akaweka goti, akavuta kwa hasira.

Ikasikika sssss, sauti ndogo tu. Ndani ya kioo kulikuwa na doa linalong'aa kama fedha. Likafifia mbele ya macho yetu mpaka likawa jeupe kama maziwa. Nilijua maana yake, kanieleza mwenyewe miaka nenda rudi: likiwa jeupe, hewa imeingia, kioo kimekufa. Na shingoni, hapo kwenye ufa, herufi zake zilikuwepo, T.M., kwa rangi nyekundu, kama alivyoziandika mwenyewe.

Kufika tu sokoni, Manyanda muuza dagaa wa kibanda cha jirani akauliza, "Vipi, imepona?"

"Yule Mrundi kaniulia," mume wangu akajibu.

Nilikuwepo, nimesimama na kanga yangu mkononi. Ningeweza kusema. Sikusema, kwa sababu na mimi ningeulizwa nilikuwa wapi. Aibu ilinifunga mdomo, na bado naiona aibu hiyo. Hakuna aliyeuliza swali la pili, waliamini palepale. Wiki haijaisha soko zima linasema Pontien wa Katumba anatoa mali ndani ya mashine za watu anauza ng'ambo.

Ijumaa moja asubuhi simu yangu ikaita.

"Mama, shikamoo. Ni Pontien. Nimekwama na kazi ya mtu, nimekuja Mzee anipimie. Niko hapa sokoni, nauliza kibanda chenu, lakini watu... Mama, watu wananizunguka."

Mungu wangu! Nilikimbia kutoka kwenye mashine ya kusaga, unga mpaka kwenye nyusi. Nilimkuta mbele ya kibanda chetu kabisa. Manyanda kamshika shati, mwingine kamnyang'anya mkoba, na wale vijana wa bodaboda wameshaacha pikipiki zao. Nyie mnajua neno moja likitamkwa sokoni mtu hafiki polisi. Na mume wangu amekaa ndani kwenye kiti chake, kainamia redio ya mtu kama vile haoni.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Huyu aliitengeneza! Aliyeivunja ni mume wangu, barabarani, kwa mkono wake, mimi nikiona!"

Manyanda akanitazama chini mpaka juu. "Mama Kasimiri, kwani huyu kakulisha nini kule?"

Wakacheka. Wallahi, hawakuniamini! Na mimi maharage yale nilikuwa nimeyala kweli.

Nikaingia kibandani, nikaizima ile redio. "Telesphor." Jina lake hilo silitamki mbele za watu. "Sema, au leo nalala kwa kaka yangu na sirudi."

Akasimama, akashika mlango. "Ni mimi," akasema.

"Kasemaje?" watu wa nyuma wakauliza.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia kwa sauti, akaeleza mpaka ule ufa. Mikono ikalegea kwenye shati la Pontien, mmoja mmoja. Pontien akauchukua mkoba wake kwa yule aliyemnyang'anya, akaelekea stendi bila kungoja kusikia zaidi.